Nyumba ya banki ya Bel-Air: bei ya mshumaa na bei ya ufunguo

Hapa Lubumbashi ukisema "nyumba ya banki" kila mtu anasikia bei ya chini, na makomisioneri, madalali wetu wa nyumba, wanajua hivyo, njo maana siku hizi kila nyumba yenye matatizo inaitwa ya banki. Nataka kueleza kisa kimoja tu mwanzo mpaka mwisho, kisa cha yaya wangu, dada yetu mkubwa, juu nilikuwa naye kila fasi, mafaili nilibeba mimi, foleni nilisimama mimi, na hesabu zote ziko kwenye daftari yangu mpaka leo. Alinunua nyumba iliyokamatwa na banki, na kweli aliipata chini ya bei, lakini si ile bei ambayo watu wanapenda kuhadithia.

Yaya anauza unga wa mahindi. Anaamka saa tisa za usiku kungoja malori ya kutoka mpakani Kasumbalesa, gunia la kilo 25 linamwachia faida ndogo sana, na kwa miaka 11 alikuwa anaweka, nyingine banki, nyingine kwenye kitemo, mchango wa zamu, na wamama wenzake wa sokoni. Mwanzo wa 2022 alikuwa na dola 31,000 na bado alikuwa anapanga Kamalondo, 150 kila mwezi. Mkikutana na namba huko mbele mkumbuke ni magunia hayo.

Nyumba ya kwanza tuliyoonyeshwa haikuwa ya Bel-Air. Komisioneri mmoja alituleta upande wa Kasapa, vyumba vinne, ukuta mzima, foraji (kisima) ya maji inafanya kazi, dola 18,000. Akasema: "Mama, hii ni ya banki, banki inataka feza yake mbio, ukikawia mwengine anabeba." Yaya alikuwa tayari kutoa 2,000 ya kushikilia. Mimi kilichonisumbua ni fotokopi ya setifika (hati ya nyumba) aliyotupa, ilikuwa ukurasa mmoja tu, ule wenye krokii ya parsele (mchoro wa kiwanja) na namba ya volime na folio (kitabu na ukurasa), fasi wanaandika mizigo ya nyumba, ipoteki (rehani) na vingine, haikuwepo. Nikamuuliza kurasa zingine ziko wapi, akajibu "ziko ku banki". Nikasema sawa, basi twende kwa konservateri wa hati za ardhi kwanza.

Kwa wasiokaa Kongo nieleze kidogo. Kwetu ardhi yote ni ya serikali, ndivyo inavyosema sheria ya tarehe 20 Julai 1973, mtu anapewa haki ya kuitumia, na karatasi inayoonyesha hiyo haki ni setifika ya anrejistrema, si fishi ya komini (manispaa), si karatasi ya shefu wa kartie (mtaa), si mkataba wa kuuziana mliosaini mbele ya mashahidi chini ya mwembe. Konservateri njo anashika kitabu, na kila ipoteki inaandikwa mle. Tulipeleka namba ya volime na folio, tukalipa, tukarudi siku ya tatu. Jibu: ipoteki ya banki iko hai, haijafutwa, na hakuna hukumu yoyote ya kuuza. Maana yake aliyekuwa anauza ni mwenye deni mwenyewe, nyuma ya mgongo wa banki, na komisioneri anamsaidia. Ipoteki inafuata nyumba popote inapokwenda. Yaya angelipa 18,000 yake, angeingia na watoto, na banki ingekuja kuikamata mikononi mwake kwa deni la mtu mwingine.

Siku ile Yaya hakula. Alikaa kwenye gunia pale dukani akaniambia, "Mudogo yangu, sasa ile ya kweli inatokeaka wapi?"

Hilo njo swali. Nyumba ya kweli ya banki haitembei na komisioneri. Tangu Kongo iingie OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, Septemba 2012, banki haiwezi kuamka tu na kuuza nyumba ya mdeni wake, na mkataba unaosema inaweza kuruka utaratibu, sheria inauhesabu si kitu. Kuna njia pembeni kwa jengo la biashara la mtu aliyejiandikisha kama mfanyabiashara, hapo wanaweza kukubaliana tangu mwanzo kwamba akishindwa jengo liende kwa banki, lakini nyumba ya kukaa haiingii humo. Nyumba ya kukaa inapita tribinali (mahakama). Uisye, afisa wa tribinali, anapeleka amri ya kulipa, mdeni anapewa siku 20, akishindwa ile amri inaandikwa kwa konservateri na nyumba inakuwa imekamatwa, halafu avoka (wakili) wa banki anaweka kwa karani wa tribinali kaye ya masharti, ambayo ina kila kitu, nyumba yenyewe, deni, bei ya kuanzia, namna ya kulipa. Na kabla ya mnada lazima tangazo litoke kwenye gazeti na libandikwe: mlangoni kwa mdeni, tribinalini, na kwenye ubao wa komini. Hiyo ubao watu wanapita mbele yake kila siku wakienda kutafuta atestasyo ya kuzaliwa na hawaisomi. Mimi nilianza kuisoma kila Jumatatu, ya komini na ya tribinali. Wiki ya tano nikaipata.

Ilikuwa nyumba ya Bel-Air, komini Kampemba, vyumba vitatu na saluni (sebule), aneksi, yaani nyumba ndogo, ya vyumba viwili nyuma, parsele ya mita 20 kwa 25. Mwenye nyumba alikuwa mtu wa malori. Alichukua kredi 2018, na ule mwaka kila mtu hapa alikuwa anakopa, kobalti ya migodi yetu ilipanda mpaka karibu dola 95,000 kwa tani, malori hayakutosha. Mwanzo wa 2019 bei ilikuwa imeanguka karibu na 30,000, mwisho wa mwaka huohuo mgodi mkubwa wa Mutanda kule Lualaba ukasimamisha kazi, halafu 2020 ikaja na Korona. Malori mawili yakakaa bila kazi, banki ikangoja, ikangoja tena, mwisho ikatuma uisye. Mimi simwoni kama mtu mbaya. Alihesabu mwaka mzuri kama vile miaka yote itakuwa hivyo, na sisi wote tuliokuwa hapa 2018 tulihesabu vilevile.

Tulichukua avoka. Yaya hakutaka, aliona 1,500 ni nyingi, nikamwambia bila avoka sisi tutasoma kaye ya masharti kama watu wanaosoma Biblia kwa Kigiriki. Na Metre, ndivyo tunavyomwita avoka, kazi yake kubwa haikuwa mnada, ilikuwa wiki mbili kabla ya mnada. Alienda kwa konservateri akathibitisha setifika ni ya huyu mdeni, na kwamba hakuna ipoteki ya mtu mwingine mbele. Alitafuta akti (hati) ya ipoteki yenyewe akaangalia saini. Mke alikuwa amesaini, jina lake lote na tarehe. Hii msiipuuze, juu kode yetu ya familia inataka makubaliano ya bwana na bibi wote wawili kabla ya kuweka nyumba rehani, haijalishi wameoana kwa mfumo gani wa mali, na mke ambaye hakusaini anaweza kuja kuvuruga kila kitu. Halafu akatueleza jambo lililonikaa kichwani mpaka leo: mnada wa tribinali haukupi haki kubwa kuliko ile aliyokuwa nayo mdeni. Kama hati yake ilikuwa na ufa, unanunua na ufa wake, jaji haufungi kwa nyundo.

Nyumba tuliiona kwa nje tu. Mara tatu, asubuhi, mchana na usiku. Usiku tuliona taa aneksi, kumbe kuna mpangaji.

Mtaalamu aliithamini dola 72,000. Kwa sheria ya wakati ule bei ya kuanzia haikuruhusiwa kuwa chini ya robo ya thamani, yaani 18,000, banki ikaweka 25,000. Nasema sheria ya wakati ule juu OHADA ilirekebisha sheria hiyo Oktoba 2023 na mpya inatumika tangu Februari 2024, kwa hiyo siku na viwango vyote ninavyotaja humu ni vya kisa chetu cha 2022, wewe wa leo mpe avoka wako akuhesabie upya.

Usiku wa kuamkia mnada Yaya aliandika kwenye kipande cha katoni ya sabuni: 42. Chini yake: hapana kupita. Akakikunja akakiweka ndani ya kitambaa cha kichwa.

Mimi sikuamini habari ya mishumaa mpaka nilipoiona. Karani alikuwa na mishumaa midogo imekatwa, kila mmoja unawaka kama dakika moja, ameisimamisha juu ya kifuniko cha kopo la maziwa. Polisi akaambiwa afunge dirisha juu upepo ungeizima. Jaji akasoma 25,000. Walikuwepo wanunuzi watatu, sisi, komisioneri mmoja wa shati la buluu na bwana mmoja mwenye viatu vya mgodi. Mtu akitaja bei wanawasha upya, na mishumaa mitatu ikizimika mmoja baada ya mwingine bila bei mpya, imekwisha. Ishirini na sita, ishirini na saba na nusu, thelathini. Bwana wa viatu aliacha kwenye 32. Wa shati la buluu akasema 33,500, Metre wetu akasema 34,000, na mshumaa wa kwanza ukawaka. Dakika moja ni ndefu sana. Wa pili. Kwenye wa tatu ule moto ulilala pembeni ukawa kama umezimika, halafu ukasimama tena, Yaya akanishika mkono na kucha zikaingia. Ukazimika. Thelathini na nne elfu kwa nyumba ya sabini na mbili.

Sasa hapa njo watu wengi wanaishia wakihadithia. Sisi tulirudi nyumbani tukimshukuru Mungu, mama yetu akapika bukari (ugali) na samaki, na Metre peke yake hakufurahi, alisema tungoje siku 10. Sheria inampa mtu yeyote siku 10 baada ya mnada kuja kupandisha bei, mradi apandishe angalau sehemu moja ya kumi. Siku ya tisa akatokea mtu ambaye hata hakuwepo mnadani, akaweka 37,400. Mnada wa kwanza ukawa kama haukufanyika.

Yaya alilia, nasema ukweli. Aliona ameibiwa. Haikuwa wizi, ilikuwa sheria, ila hakuna aliyetuambia mapema na nafikiri komisioneri wa shati la buluu alijua tangu mwanzo, alikaa kimya tufikishe bei halafu akatuma mtu. Mnada wa pili ulikuwa Juni. Ulianzia 37,400, wao wakaenda mpaka 41,000, Metre akasema 41,500, na nilimwona Yaya anagusa kitambaa cha kichwa. Mia tano tu zilibaki kwenye katoni. Mishumaa ikazimika, na safari hii ilikuwa mwisho, juu ya mnada wa pili hakuna tena kupandisha.

Kisha ikaanza saa ya siku 20. Ndani ya siku 20 lazima uonyeshe umelipa bei pamoja na gharama za kesi, ukishindwa nyumba inarudi mnadani na tofauti ya bei ikiwa chini inakuangukia wewe. Hapa tulifanya kosa na ni kosa letu: 42 ya katoni ilikuwa bei peke yake, gharama hatukuziweka ndani. Gharama zilikuwa 2,300, jumla 43,800. Yaya 31,000, kitemo wakakubali kumpa zamu yake mapema 4,000, mjomba akakopesha 5,000, mimi 2,500. Zinapungua 1,300. Aliuza unga kwa hasara siku nne mfululizo, wateja wakajaa, majirani wa soko wakakasirika kwamba anaharibu bei, na hakuweza kuwaeleza. Tulilipa siku ya 18. Banki nyingi hapa hazikukopeshi kwa kitu kama hiki ndani ya siku 20, kwa hiyo mtu asiye na pesa mkononi asisimame mbele ya ule mshumaa.

Baada ya kulipa una hukumu, bado huna nyumba. Ndani walikuwemo bwana wa malori, mke wake na watoto wanne. Uisye alisema anaweza kuwatoa na polisi. Yaya akakataa, akaenda mwenyewe na mimi, Jumapili baada ya misa. Yule mama alitukaribisha kwenye saluni, akatupa viti, akasema: "Mama, hatukukatalie nyumba, ni yako sasa, lakini utuachie mpaka batoto bamalize trimesta." Yaya akasema sawa, lakini kwa karatasi. Metre akaandika: tarehe 20 Desemba, funguo mbele ya uisye, milango, nyaya za umeme na masinki vikiwepo, na siku hiyo Yaya anatoa dola 500 za kukodi lori na kuanzia kupanga. Watu walimwambia ni ujinga kulipa mtu ambaye sheria imeshamtoa. Mimi nimeona nyumba mjini hapa ambazo zilichukuliwa kwa nguvu, ukiingia hakuna hata swichi ukutani. Zile 500 tulizihesabu na tunaona zilikuwa bei rahisi. Waliondoka tarehe 20, nyumba ilikuwa imepigwa deki.

Aneksi ilikuwa na mwalimu. Alitoa daftari ya shule yenye risiti zote, garanti (amana ya mpangaji) ya miezi mitatu, 360, aliyomlipa mwenye nyumba wa zamani. Miezi mitatu njo kiwango cha juu kwa nyumba ya kukaa kwenye sheria ya kupanga ya Desemba 2015, kwa hiyo haikuwa uongo wala kuzidisha. Kwenye kaye ya masharti huyo mpangaji hakuandikwa popote. Tulimtambua, Yaya akasaini kwamba akitoka atamrudishia yeye. Kwa hiyo 360 tuliziandika kama deni letu.

Mama yetu alikuwa ameuliza swali ambalo wengi wanaliuliza kimoyomoyo, kama nyumba ya namna hii haina machozi ya watu. Jibu la Yaya nililipenda. Deni na riba lilikuwa 36,800. Kwa bei ya mnada wa kwanza, 34,000, yule bwana angepoteza nyumba na bado angedaiwa. Kwa 41,500 deni lake lilikwisha, na 4,700 iliyobaki ilirudi kwake. Ile siku ya tisa iliyotutoa machozi sisi njo iliyomwokoa yeye, na sijui kama tungeweza kukaa vizuri mle ndani kama ingekuwa kinyume.

Hesabu nzima iko hivi. Bei 41,500. Gharama za kesi 2,300. Mutasyo (kubadilisha jina) kwa konservateri na karatasi zote 2,900. Avoka 1,500. Kodi ya ardhi iliyolala na bili za umeme (SNEL) na maji (REGIDESO) 640. Lori la familia 500. Garanti ya mwalimu 360. Hapo ni 49,700 na hujagusa paa. Paa, shimo la choo na umeme vikala 3,900, tukafika 53,600. Nyumba kama ile, barabara ileile, ikiwa imetengenezwa, walikuwa wanaomba 65,000, na yule wa 65,000 anakupa ufunguo wiki ileile, hangoji miezi nane. Kwa hiyo aliokoa kama 11,000. Ni nyingi kwa muuza unga. Si nusu bei. Mtu akikuambia 34 kwa 72 anakupa bei ya mshumaa, wewe muulize ya ufunguo.

Hukumu tuliipeleka kwa konservateri ndani ya miezi miwili, ni lazima, ukichelewa unaweza kunyang'anywa kama asiyelipa. Ipoteki ikafutwa. Setifika mpya yenye jina la Yaya ilitoka Aprili 2023. Lakini kwetu setifika inakuwa haishambuliki baada ya miaka 2, na Metre alimwambia hivyo, na Yaya akalishika neno. Alihamia, akapangisha chumba, akalipa mjomba, akanilipa mimi, lakini kujenga duka la unga mbele ya geti alikataa kabisa. Tulimwambia hakuna mtu atakayekuja. Akasema atangoja. Setifika aliiweka kwenye bati la biskuti pamoja na risiti zote na kile kipande cha katoni.

Aprili 2025 ikafika, ikapita. Jumatatu iliyofuata, saa kumi na mbili asubuhi, lori la kwanza la matofali lilikuwa linarudi kinyumenyume kwenye geti, na yeye yuko nyuma anampigia dereva kelele akate kushoto.